Mama Mizani na Mabomba Yaliyotoa Jasho

Kabla hajaijua kauri, mwanamke huyu alikuwa mwokaji wa mikate kwa miaka kumi na minne. Kiwanda cha mikate kilipofungwa alikaa nyumbani miezi miwili, akachoka kuliko alivyowahi kuchoka kazini, mpaka jirani yake, dereva wa lori, alipomletea habari kwamba nyuma ya gereji kuna karakana inayotafuta mtu aliyezoea tanuri. Akavaa viatu vyake vya kazi, akaenda asubuhi ileile.

Aliyempokea alikuwa injinia, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada mbili na upara uliokwisha kuanza. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha sakafu ya saruji: mashine ya kushindilia unga upande mmoja, meza ya kusawazishia katikati, na pembeni tanuri la chuma lenye tumbo kubwa, likizungukwa na mitungi ya gesi iliyofungwa ukutani kwa minyororo. Hapo hapakutengenezwa vikombe wala vigae. Yalitengenezwa mabomba ya kijivu yaliyozibwa upande mmoja, ya kuvishwa vipimajoto vinavyotumbukizwa ndani ya madini yaliyoyeyuka.

Siku ya tatu, kwa mazoea tu ya mtu wa mikate, alipima bomba kabla halijaingia tanurini, na lilipotoka akalipima tena. Mkate ukiiva hupungua uzito. Huo ndio ujuzi aliokuja nao. Bomba lilikuwa limeongezeka zaidi ya nusu ya uzito wake, na urefu ni uleule. Akaifuta mizani. Akaipima pakiti ya sukari ya chai ya wafanyakazi, ikasoma sawasawa. Akaenda kwa injinia roho mkononi, akijua ameharibu chombo cha watu wiki ya kwanza ya kazi.

Injinia hakucheka. Alivuta kiti akamweleza kwamba ule unga ni silikoni, kitu kinachotolewa kwenye mchanga. Kwamba sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, ileile iliyomo kwenye mitungi, gesi mvivu isiyojishughulisha na mtu. Lakini ndani ya tanuri, joto likipita digrii elfu moja na mia mbili, uvivu wake unaisha, inaingia kati ya punje za unga na kushikamana nazo, na wawili hao wanakuwa kitu kipya kigumu kiitwacho nitridi ya silikoni. Kwa kuwa gesi hujaza nafasi zilizokuwa wazi, bomba halikui wala halinywei. Linakuwa zito tu.

“Kwa hiyo tunauza hewa,” alisema.

“Hewa na mchanga, mama. Ila jaribu kuivunja.”

Tangu siku hiyo hakuna kilichopita mikononi mwake bila kupimwa. Aliandika kwenye madaftari ya shule, uzito wa kuingia na wa kutoka, mahali bomba liliposimama ndani ya tanuri, na geji ya shinikizo la gesi tanurini ilisoma ngapi kila nusu saa. Hakuna aliyemwagiza. Wenzake wakamwita Mama Mizani, kwanza kwa utani, baadaye wakasahau kwamba ulikuwa utani.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha na kusubu alumini. Huko walitumia mabomba ya chuma, na alumini iliyoyeyuka ilikuwa ikiyala kama mchwa. Siku moja bomba lilikatika akiwa analichomoa, madini yakaruka, yakamuunguza mkono kutoka kifundo hadi kiwiko. Mama Mizani alimuuguza wiki sita. Kila alipobadilisha bandeji alikuwa akiwaza mabomba yake ya kijivu, ambayo alumini haiyashiki. Mdogo wake alipopona, dada mtu akampeleka injinia huko kiwandani. Walirudi wameagizwa mabomba arobaini, marefu na manene kuliko yote waliyowahi kutengeneza.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Walichoma machache ya majaribio, yakatoka safi. Wakajaza tanuri. Walipofungua, mabomba yalikuwa yametokwa na vitone vya kung'aa mwili mzima, mithili ya mtu aliyetoka kupanda ngazi na gunia. Walipovunja moja wakakuta moyo wake umejaa madonge ya madini yasiyoiva. Injinia akalaumu unga. Akaagiza mwingine, jasho likarudi. Akabadilisha mashine ya kushindilia, jasho likarudi. Akaacha kula mchana. Mama Mizani alimkuta akiandika barua ya kuwaomba radhi wenye kiwanda cha alumini kwamba kazi imewashinda.

Alimwomba asiipeleke barua ile kabla ya Ijumaa. Siku tatu mfululizo, saa ya chakula, aliyatandaza madaftari yake juu ya meza ya kusawazishia na kuyapitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Ijumaa akaenda ofisini.

“Injinia, unga hauna kosa,” alisema. “Tunaupa joto wakati wenyewe unatoa joto lake.”

Akamwonyesha. Mabomba yaliyokaa machache hayakutoa jasho hata mara moja. Yaliyojazana yalitoa, na ya katikati yalitia fora. Na kila mara, kabla ya jasho, sindano ya geji ilikuwa imeshuka kwa kasi, kwa maana silikoni ilikuwa inaifakamia gesi, na katika kuifakamia inawaka. Mabomba yakiwa machache, moto huo hupata pa kutokea. Yakibanana, ya katikati yanapikana yenyewe kwa yenyewe, na silikoni inayeyuka kabla haijashiba.

“Na sisi saa hiyohiyo tunapandisha moto,” alimalizia, “kwa sababu karatasi imesema tupandishe.”

Karatasi hiyo ilikuwa ukutani, ndani ya plastiki: ratiba ya saa na digrii, matunda ya miaka mitatu ya masomo ya injinia. Injinia aliisogelea, akaisoma upya juu hadi chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alipoijaribu kule chuoni, vipande vyake vilikuwa na ukubwa wa kidole.

“Wewe ungefanyaje, mama?”

“Ningeitazama geji badala ya saa. Ikishuka kwa kasi, nisipandishe kitu. Ikitulia, nipandishe kidogo, ningoje tena.”

Injinia alisema ingechukua siku tano badala ya mbili, na unga uliobaki ulitosha tanuri moja tu. Hata hivyo alikubali. Akasimama, akaibandua ile karatasi ukutani yeye mwenyewe.

Walichoma siku tano, wakipokezana zamu. Alasiri ya tatu sindano ilianguka ghafla, injinia akaja mbio. Mama Mizani alikuwa ameshapunguza joto, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye geji. Alimwambia tu kwamba inakula. Baada ya saa moja ikatulia, akapandisha kidogo.

Tanuri lilipopoa wakalifungua asubuhi. Mabomba yote yalikuwa makavu, ya kijivu cha namna moja. Kwenye mizani, kila kilo ya unga ilikuwa imekuwa kilo moja na gramu mia sita na ushee. Injinia alitaka kushangilia, lakini Mama Mizani alikuwa ameshaingiza mkono katikati kabisa, akatoa bomba nene kuliko yote, akamkabidhi pamoja na nyundo.

“Hili zuri namna hii?” aliuliza.

“Hilo ndilo lenye habari ya mengine yote.”

Lilihitaji mapigo matatu. Ndani lilikuwa kijivu kutoka ukingo hadi ukingo, bila chembe ya kung'aa. Injinia alikaa chini sakafuni palepale, bila kujali suruali yake nyeupe, akishika vipande viwili.

Wiki iliyofuata Mama Mizani alisimama nyuma ya mstari wa usalama, akamtazama mdogo wake akilipasha moto bomba la kwanza pembeni ya chungu cha alumini iliyoyeyuka, kisha akilishusha ndani polepole. Alipolitoa, madini yalichuruzika kama maji kwenye jani la mgomba.

“Dada, limetoka safi,” alisema, akalinyanyua kwa mkono ule wenye kovu.

Mama Mizani, ambaye hakutoa chozi tangu siku ya bandeji ya kwanza, aligeuka akasoma kwa makini tangazo la kuvaa kofia. Bomba lile lilidumu miezi kumi na moja, muda ambao hakuna bomba la chuma lililowahi kuufikia.

Injinia aliandika ratiba mpya akamsomea. Alipofika penye “subiri muda wa kutosha,” Mama Mizani alimkatiza akamwambia aandike geji isome ngapi, maana kutosha kwa mmoja si kutosha kwa mwingine. Akaandika, na chini wakatia sahihi wote wawili. Karakana iliponunua tanuri la pili, Mama Mizani alifanywa mkuu wa matanuri, akaulizwa anahitaji nini. Alisema kiti chenye mgongo, kielekee geji. Wanafunzi wa chuo wakija kujifunza, huwakalisha hapo mmoja mmoja, yeye akasimama nyuma yao na kuwaomba wasiseme lolote mpaka sindano itulie.