Hotipoti Iliyorudi Imejaa

Katika tawi moja la benki mjini Sumbawanga, kila wiki mfanyakazi mmoja hubeba vitafunwa vya chai ya saa nne. Zamu ya Coleta ilisubiriwa kwa hamu, maana mandazi ya mama yake hayakuwa na mpinzani. Wenzake walimtania kwamba benki ilimwajiri mama, yeye kadandia tu.

Zamu hii hotipoti ilirudi nyumbani kwao, mtaa wa Mazwi, imejaa.

Kosa lake lilijulikana. Afisa mikopo kama yeye hutakiwa kuliona shamba kwa macho yake ndipo asaini. Mvua ilikuwa imeifanya njia ya kwenda mashamba ya Msanzi tope tupu, na meneja alitaka mikopo ya mahindi ipite haraka. “Saini tu, mashamba hayakimbii,” alimwambia. Coleta alikataa. Tawi likakosa lengo, na bonasi ya wote ikayeyuka. Hakuna aliyemgombeza. Walichukua vikombe vyao tu, wakaenda kunywea kwenye meza zao. Kununiana ni mambo ya kitoto, lakini watu wazima wakiyafanya yanauma kuliko barua ya onyo.

Coleta akaacha kula. Chai yenyewe ikawa haipiti.

“Wamefunga?” mama aliuliza alipofunua hotipoti.

“Hawakuwa na njaa, mama.”

Mama alifunika hotipoti. Kesho yake alikaanga mengine, na keshokutwa pia, na yote yakarudi.

Alhamisi Coleta alichoka. Upweke ule ulimshinda. Saa nne ilimkuta kwenye chumba cha chai peke yake, fomu za Msanzi mbele yake, kalamu mkononi, tayari kusaini. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwinjuma, keshia mkongwe wa tawi.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.” Alivuta kiti, akafunua hotipoti, akachukua andazi. Akalitafuna polepole huku akiziangalia zile fomu. “Tumekuonea. Mimi pia nimekuonea. Weka kalamu. Jumamosi tutakwenda Msanzi kwa pikipiki yangu, tukisukuma tutasukuma. Kwa meneja nitaingia na wewe.”

Coleta alilia kidogo. Kisha naye akachukua andazi, akalimaliza.

Huko nje wengine waliendelea kunywa chai kwenye meza zao.

Jioni mama alifunua hotipoti, akahesabu. “Yamepungua mawili tu.”

“Mawili yametosha, mama,” Coleta alisema, akaomba chakula.