Muhogo wa Siku Moja

Nyumba yangu na ya Amuron zilitenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo maisha yake niliyajua hata nisipotaka. Alikuwa akifua mashuka ya gesti pale Malaba, karibu na foleni ya malori. Mwaka wa tisini na tatu, unga ulipokuwa ukipanda bei kila wiki, mwenye gesti alimpunguzia kazi kutoka siku sita hadi tatu. Mumewe alishavuka mpaka kwenda kutafuta kibarua Jinja, akapotelea huko.

Basi Amuron akajifunza kubana. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi, akafulia kimoja wiki nzima. Kiberiti hakununua tena; alikuja kwangu na kigae kuomba kaa la moto.

"Wewe mwanamke, siku moja utaomba hata moshi," nilimtania.

"Haba na haba, Mama Mujib," alinijibu, akicheka. Nami nilimwonea wivu, kwa kuwa mkono wangu haushiki kitu.

Mwezi wa nane mamake alimletea gunia la muhogo kutoka Amukura, ule mchungu. Wateso, watu wa kabila lake, hawaupiki kwa haraka. Huumenya, huurundika na kuufunika kwa majani siku tatu au nne mpaka uote ukungu, kisha huukwangua, huuponda na kuuanika. Bila hivyo una sumu, na Amuron alilijua hilo tangu utotoni. Lakini unga ulimwishia muhogo ukiwa umefunikwa siku moja tu. Akaufunua, akauponda, akauanika na kuusaga, akijiambia jua la Malaba ni kali, litamaliza kazi. Tena, kukwangua ukungu ni kupoteza chakula. Hivyo ndivyo umaskini unavyokufanya ujione mwerevu.

Jumapili adhuhuri alisonga ugali wa unga ule. Yeye akala matonge mawili, uliobaki akamsogezea Asio, bintiye wa miaka saba. Mama mzuri hufanya hivyo.

Haikupita saa moja nikasikia ukuta unagongwa. "Mama Mujib! Kuja! Asio anakufa!"

Nilimkuta mtoto ametapika, macho yamelegea, miguu haimshiki. Sitaficha: niliogopa hata nikasahau kuvaa viatu. Tulimpakia kwenye boda boda ya baiskeli, mamake amempakata, mimi nikikimbia nyuma. Kila walipoingia kwenye shimo kichwa cha Asio kiliangukia upande, na kila mara nilidhani basi, ameshakwenda.

Kwenye zahanati, daktari alimfunua jicho. "Mama, huyu mtoto amekula nini?"

Amuron alitazama foleni ya wanawake kwenye benchi, wote wamekaza masikio. "Chai tu, daktari."

"Chai haiwezi fanya hivi. Kama sijui amekula nini, nitamtibu aje?"

Mimi nilikuwa nimeuona muhogo ule ukianikwa juu ya paa kabla ya siku zake, nikanyamaza kwa kuogopa kumwaibisha mwenzangu. Mpaka leo nikikumbuka najichukia. Mtoto alikuwa anahema kwa shida, pumzi moja, kisha kungoja, kisha nyingine, na sisi watu wazima wawili tunalinda heshima.

"Amuron," nikasema, "sema ama nitasema mimi."

"Ni muhogo!" akapiga kelele. "Ule mchungu. Nilifunika siku moja. Nilitaka kuokoa unga, daktari, nilitaka tu kuokoa unga!"

Hakuna aliyecheka kwenye benchi. Daktari akaita watu, Asio akatundikiwa maji, akawekewa hewa puani. Tukakaa sakafuni, tumeshikana mikono, tunahesabu pumzi za mtoto. Nilisoma dua zote ninazozijua, yeye akaomba kwa Kiteso, na hofu haikupungua hata kidogo.

Jua likielekea kutua, Asio alifumbua macho. Muuguzi akainama, akamshika shavu.

"Unasikia njaa, mtoto? Nikuletee uji?"

Asio alimtazama mamake kwanza, akamsoma uso.

"Hapana, sista," akasema. "Leo tulishakula."