Mstari Uliofutika Upande wa Kushoto

Saa tatu asubuhi mstari ulitoweka kwenye skrini yangu, na sikuwa nimeugusa.

Naapa. Nilikuwa nafanya kazi upande wa kulia. Uliofutika ulikuwa kushoto.

Mimi ni karani wa wodi. Kila asubuhi nafungua orodha ya jana, nabadilisha dawa, nachapisha. Muuguzi, tunayemwita Sista, anagawa dawa kwa karatasi hiyo.

Jumatatu fundi wa kompyuta alinifundisha kugawa dirisha la maandishi pande mbili. Nikapenda kufa.

Kushoto nikawa naiacha orodha ya zamani kwenye sehemu ya maonyo, yaani nani asipewe dawa gani. Kulia nabadilisha. Mwisho nalinganisha maonyo ya pande zote. Yakifanana, nachapisha.

Wiki nzima yalifanana. Nikajiona mjanja kweli.

Siku mstari ulipotoweka, kitanda cha nne kilipata mgeni: shangazi yangu, aliyenilea. Alihamishiwa pale alfajiri.

Nikafuta kwa mpigo mistari yote ya kitanda hicho, nikidhani ni ya yule aliyeruhusiwa jana.

Hapo ndipo kushoto nako mstari mmoja ukapotea.

Nikaandika sindano aliyoagizwa shangazi, nikalinganisha maonyo. Yanafanana. Nikachapisha, karatasi ikaenda.

Lakini moyo ulikataa kutulia. Nikampigia fundi, nimefura.

"Wewe, unaichezea mashine yangu ukiwa huko?"

"Nimekaa na chai yangu, dada. Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Orodha ya pili uliifungua saa ngapi?"

"Ya pili ipi? Si nimegawa dirisha?"

"Dada, kugawa dirisha hakuleti nakala. Hilo ni faili moja, unalitazama mara mbili. Ukifuta huku, na kule kunafutika."

Nikarudisha nilichofuta. Mstari ukatokea kushoto: Kitanda cha nne, penisilini marufuku.

Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa ameshaandika onyo la shangazi. Na sindano niliyoiandika ilikuwa ya penisilini.

Viatu niliviacha chini ya meza, nikakimbia wodini.

Nilimkuta Sista ameshamshika shangazi mkono, sindano iko tayari.

"Sista, usimchome. Orodha nimeiharibu mimi."

Shangazi akanitazama. "Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

Nikacheka huku nalia. Nikaeleza yote. Sista hakucheka. Aliweka sindano chini taratibu.

"Na kitanda cha sita," akasema, "Jumanne ulifuta hivyo hivyo?"

Nilifuta.

Bibi wa kitanda cha sita alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi Jumanne ile ile, na madaktari walikuwa bado wanatafuta kilichompata. Nilienda kuwaambia mwenyewe, peku.

Ndugu zangu, kabla hamjasema vitu viwili vinafanana, hakikisheni ni viwili. Mimi nilikuwa nalitazama kosa langu mara mbili kila asubuhi, nikaliita uhakika.

Bibi bado hajafumbua macho. Napita mlangoni kwake kila siku kabla ya kuwasha kompyuta.