Pama ya Baba

Kila nikiitoa pama ya baba, kofia yake pana, sandukuni, harufu ya jasho na pareto hunirudisha kwenye njia ile ya Bungoma, katikati ya mahindi.

Kule Kitale, kwenye shamba alikofanya kazi, nilikuwa nimeona mzungu mwenye shamba akipita juu ya farasi wake, na baba akivua pama na kurukia mtaroni. Na mimi niliyedhani baba haogopi kitu! Sasa tulikuwa tumekwenda kwao mama. Bibi mzaa mama alipotokea mbele, baba akazama kwenye mahindi mbio mbio, pama ikaanguka. Nikalia kwa hasira.

"Baba anaogopa kila mtu!"

Bibi naye alikuwa amechuchumaa nyuma ya miwa, leso usoni. Akatoka akicheka.

"Si kuogopa, mjukuu wangu. Mkwe na mama mkwe hawaangaliani, ni heshima. Na mimi si nimejificha pia?"

Magoti yake yalijaa udongo. Mzungu hakuwahi kushuka kwenye farasi kwa ajili ya baba.

Nikapangusa machozi, nikaokota pama, nikaingia mahindini. Baba alikuwa bado amechuchumaa. Nikamvika mwenyewe.