Miguu ya Nyuma ya Altezza

Ukifika Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, ukauliza fundi wa chini ya gari, utaonyeshwa kwa Machage kabla hujamaliza swali. Injini hagusi, na umeme hataki hata kuusikia. Lakini gari linalovuta upande mmoja, au linalokula tairi kwa ndani, hulirudisha sawa kwa kamba ya nailoni, rula ya shule na macho yake mawili. Madereva wa Bunda huwaacha mafundi wa kwao wakamfuata yeye. Sifa hizo alizijua, tena alizijua kupita kiasi. Machage aliweza kuvumilia njaa na jua la mchana kutwa, ila kuchekwa kulimshinda.

Gari lililomponza lilikuwa la mdogo wake, Eliud, muuza vifaa vya simu pale mjini. Ilikuwa Altezza ya zamani, rangi ya fedha, zile ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zinasukumwa na matairi ya nyuma na zinakimbia kuliko umri wao. Kwa nyuma matairi yake yalikuwa yameinama kidogo, juu yameingia ndani, chini yametoka nje. Machage alijua kuwa huo si ubovu. Aliyeiunda alitaka hivyo, ili gari likikata kona kwa kasi tairi lilale vizuri na kuishika lami. Wateja wangapi alikuwa amewaeleza jambo hilo na kuwarudisha nyumbani bila kugusa bolti.

Siku ya kupeleka mahari ya Rebeka, mchumba wa Eliud, walikwenda Butiama, ng'ombe mbele, Altezza nyuma. Kule ng'ombe wa mahari haangaliwi usoni. Wazee humzunguka wakasimama nyuma yake, wakatazama anavyokanyaga. Mzee Mniko, baba yake Rebeka, alipita na fimbo yake nyuma ya kila mnyama, akaridhika. Alipofika mwisho wa mstari akaikuta Altezza imeegeshwa, akainama akaikagua nyuma vile vile, taratibu, watu wote wakiangalia.

"Ng'ombe wenu wazuri," akasema. "Huyu wa mwisho ndiye magoti yanasagana. Huyu mrudi naye."

Watu wakavunjika mbavu. Mama mmoja akauliza kama Musoma hakunaga fundi, na mwingine akamjibu kwamba fundi si yule pale, kaka wa bwana harusi, anakunywa soda. Machage naye akacheka, lakini cheko lake liliishia kwenye meno. Ule ulikuwa utani wa wakwe, utani wa siku ya furaha, na kila mtu aliusahau kabla ya chakula kuiva. Yeye alirudi nao Buhare.

Baada ya siku chache akamwita Eliud alete gari. Eliud alimwambia aliache, linakwenda vizuri. Machage akasema hatachekwa mara ya pili mbele ya wakwe. Akalipiga jeki, akalegeza zile bolti zinazosogeza mikono ya chuma inayoshika matairi ya nyuma, akayanyoosha matairi mpaka yakasimama wima kama nguzo. Katika kuharakisha alifanya mambo mawili ambayo kila siku alikuwa akiwagombeza mafundi wengine wanapoyafanya. Alikaza bolti matairi yakiwa bado yananing'inia, gari halijayakalia, na alipima gari likiwa tupu, bila mtu wala mzigo wa kulikandamiza nyuma. Alipolijaribu kwenye kona ya kuingia mjini alihisi mkia wake mwepesi, unataka kwenda zake. Akajiambia ni mchanga barabarani. Alijidanganya, na alijua kwamba anajidanganya.

Harusi ikapita, mvua zikaanza. Eliud akaenda Butiama kumchukua baba mkwe wake ampeleke Bunda kutibiwa macho. Mzee Mniko akakaa nyuma na mkewe Nyangi, na kwenye buti wakapakia gunia la mihogo mikavu la kuwapelekea ndugu. Walipoipita Kiabakari, kwenye kona iliyolowa, gari likageuza mkia, likatoka barabarani na kugonga ukingo wa daraja upande alioketi mzee. Mzee Mniko hakufika hospitali. Nyangi, aliyekuwa amesinzia, alivunjika mkono. Eliud alitoka bila mkwaruzo, na hata hilo watu walimhesabia kosa.

Msibani ikasemwa kwamba kijana alikuwa anakimbiza. Eliud hakubisha. Aliamini hivyo mwenyewe.

Machage alikwenda kuliangalia gari lilikovutwa. Alipochuchumaa na kuvuta kamba yake, alikuta bolti za upande wa pili, ule usiogongwa, zimehama mahali alipoziweka. Tairi la nyuma lilikuwa linatazama nje, mbali na njia. Akaikunja kamba akaitia mfukoni. Mjomba wa Rebeka alipomuuliza kama gari lilikuwa na ubovu wowote, akasema limeharibika sana, huwezi kujua.

Ukapita mwaka. Eliud aliacha kabisa kuendesha. Akienda Butiama alikaa pembeni kama mgeni, na shemeji zake walimpita bila salamu, huku Rebeka akihangaika katikati yao. Jioni nyingi alikuja gereji, akakaa juu ya tairi bovu, akauliza swali lile lile: kama angepunguza mwendo, mzee si angekuwepo? Machage alimjibu kutoka chini ya gari la mtu, asikoonekana uso, kwamba hiyo ni mipango ya Mungu. Kisha alibaki huko chini muda mrefu hata pasipokuwa na kazi, roho ikimsuta.

Siku ya kumaliza msiba, Magesa, kaka mkubwa wa Rebeka, alimtaka Eliud asimame, akiri mbele ya ukoo, yaishe. Eliud akasimama. Aliinamisha kichwa, na kabla hajasema neno Machage akajikuta naye amesimama.

"Gari niliiharibu mimi," akasema. "Mlinichekaga siku ya mahari, nikainyoosha ilivyokuwa haitakiwi. Nilijua. Huyu mnamwonea."

Nyangi, kutoka alipoketi na wanawake wenzake, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa utani ule, baba?" Magesa akavuka uwanja, akamshika Eliud mkono, akamwita shemeji, na wadogo zake wakafuata mmoja mmoja. Machage alidhani mdogo wake atalia kwa kutua mzigo. Eliud hakulia. Alikuwa anamtazama yeye.

"Kila siku nilikuwa nakuuliza, kaka," akasema. "Na wewe ulikuwa unanijibu."

Akaenda kukaa na wakwe zake, wakaletewa chakula.

Siku hizi wakikutana mjini Musoma, Eliud humsalimia vizuri, humuuliza hali ya nyumbani, humuuliza kazi. Hana ukali wowote. Humwita fundi.