Tupokigwe aliyeizima ligi ya mwendo bila kuwakimbiza mashabiki

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, stendi ya Mbezi Luis, na Tupokigwe Mwaisumo yuko dirishani anakata tiketi. "Baba, za Tunduma zimebaki siti za nyuma tu. Utakubali? Haya, nipe jina lako kamili." Hajamaliza kuandika, simu inalia. Ni msomaji wake, keshapanda basi la jirani, anataka kujua dereva wa leo ni nani.

Wengi hapa wanamjua kama karani wa tiketi. Lakini dada huyu wa miaka 34, mkazi wa Kibamba, ndiye mwandishi wa Stendi Leo, blogu ya mabasi ya mikoani aliyoianzisha miaka saba iliyopita kwa simu ya mtumba.

Kama hujawahi kukutana na mashabiki wa mabasi, shukuru Mungu. Wanabishana kuliko wa mpira! Tupokigwe aliwapa walichokitaka, msimamo wa ligi. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi aliorodhesha mabasi yaliyotangulia kuingia Mbeya, na madereva akawabandika majina ya utani. Akafikisha wasomaji 38,000 kwa mwezi.

"Madereva wenyewe walikuwaga wananipigia wakiwa njiani," anasema. "'Sista, niandikie, Makambako nimeingia saa tisa.' Na mie nacheka, naandika. Sikujiuliza usukani kaushikaje huku anaongea na mie."

Machi mwaka jana, basi lililokuwa limeongoza wiki sita mfululizo liliingia mtaroni kabla ya Mafinga. Hakufa mtu. Lakini Anjelina Haule, muuza vitenge wa miaka 58, alivunjika nyonga. Tiketi yake aliikata Tupokigwe.

Alikwenda kumwona hospitalini. "Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia vizuri tu, marahaba mwanangu. Kisha akaniambia, 'Mie nilikuuliza wewe nipande lipi. Ukasema hili ndilo namba moja.' Hakufoka. Afadhali angefoka." Hapo anajifuta macho kwa kiganja.

Wiki hiyohiyo akatangaza kwamba ligi ya mwendo imekufa, Stendi Leo sasa itaandika usalama wa abiria. Weee! Alioga matusi. Mmoja aliandika kahongwa, mwingine akamshauri afungue blogu ya maua. Miezi miwili baadaye walibaki wasomaji 11,000, na mwenye hoteli aliyekuwa akimlipa shilingi 150,000 kwa mwezi kwa tangazo akajitoa.

Kurudia ligi ya zamani kulikuwa rahisi, na madereva walimbembeleza. Aligoma. Ila anakiri kwamba kosa lilikuwa lake pia.

"Nilianza kuwahubiria. Kila siku usalama, usalama, mpaka mie mwenyewe nachoka kusoma."

Aliyemzindua ni Noela, karani wa kampuni nyingine kwenye dirisha la pili. "Nilimwambia, we Tupo, hawa watu hawakupenda mbio, walipenda kubishana," anasimulia Noela huku akicheka. "Wape cha kubishania!"

Msimamo ukarudi. Jumatatu ileile, saa ileile, majina ya utani yaleyale. Kilichobadilika ni kinachohesabiwa. Dereva anapata pointi akipumzika, akimwachia mwenzake usukani, na akiwapa abiria muda wa kula bila kuwapigia honi. Akipokea simu huku anaendesha, zinakatwa tatu. Waamuzi ni abiria, na taarifa haiingii mpaka ithibitishwe na watu watatu wasiofahamiana.

Ubishi ukaanza upya. "Dereva mmoja kanipigia analalamika nimemkata pointi eti kisa chipsi, abiria hawakumaliza kula," anasema Tupokigwe. "Nikamuuliza, kwani sasa hivi uko wapi? Akakata simu fasta!"

Leo wasomaji wamefika 31,000. Wengi ni walewale wa zamani, akiwamo yule wa maua, ambaye siku hizi hutuma taarifa kila akisafiri.

Mtihani mkubwa ulikuja Jumatatu iliyopita. Basi lililoshika mkia ni la kampuni yake mwenyewe, ile inayomlipa shilingi 1,500 kwa kila tiketi. Msimamizi wake, Edgar, alimwomba aliruke, wiki moja tu. Akaliandika.

"Akaniambia nichague, blogu au dirisha. Nikamwambia, bosi, hawa watu nimewarudisha kwa jasho. Wakijua nimewaficha basi langu, nani ataniamini tena? Kama ni dirisha, chukua."

Edgar hajalichukua bado. Tupokigwe anapanga kuongeza njia za Songea na Sumbawanga kabla ya msongamano wa Desemba. Anataka ifike siku abiria akifika stendi asiulize basi gani linakimbia, aulize nani anaendesha.

Tunapoagana, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anainama dirishani. "Dada, hili la leo linafaa? Nina mtoto."

Edgar amesimama hatua tatu nyuma, anasikia. Tupokigwe anamtazama, kisha anamgeukia mteja.

"Hapana, dada yangu, dereva ni yuleyule wa wiki jana. Nenda dirisha la pili, kwa Noela. Mwambie nimekutuma mie."