Chuo cha Ng'ambo ya Ziwa

Wakenya wa Toronto walikuwa na swali moja kwa Jepkosgei, na walimuuliza kanisani, harusini, hata kwenye foleni ya benki: "Wewe unakimbia mita ngapi?" Hawakuuliza kama anakimbia. Hilo jina lake lilikuwa limeshawajibu. Baba yake, Festus Koech, alikuwa mtu wa Kapsabet, kwa Wanandi wanaosifika kwa mbio, na binti alikuwa na miguu mirefu ya shangazi zake. Watu waliona hayo yanatosha.

Na kweli alikuwa akikimbia. Alifika Canada akiwa na miaka minane, akakulia mtaa wa Regent Park, Toronto, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya mezani kwa sababu mama yake, Nafula, alikuwa Mbukusu wa Bungoma asiyejua Kinandi, na Kibukusu nacho kilikuwa kimemshinda Festus tangu siku za uchumba. Watoto walijibu kwa Kiingereza, wazazi wakajifanya hawajasikia mpaka jibu lirudiwe vizuri. Shuleni Jepkosgei alishinda mbio za nyika mwaka baada ya mwaka. Alileta medali, Festus akazitundika kwenye msumari karibu na kalenda. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba mbio zilimtia upweke. Ukiwa mbele, huoni mtu. Unasikia pumzi zako tu, na ukimaliza unasimama peke yako kwenye baridi, ukingoja wengine wafike ndipo upate wa kuzungumza naye.

Alipokuwa darasa la kumi, mwalimu wa michezo alikuja uwanjani na gunia la fimbo. Kila fimbo ilikuwa na kikapu kidogo cha nyuzi kwenye ncha yake. Mwalimu akawaeleza kwamba mchezo huo unaitwa lakrosi, kwamba wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliucheza zamani sana kabla ya wageni kufika, na kwamba siri yake ni kuubembeleza mpira: unakimbia huku unaitikisa fimbo taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, ili mpira usidondoke. Wengi uliwadondoka. Wa Jepkosgei ulikaa. Akainua macho, akamwona mwenzake upande wa kushoto akimpungia mkono, akaurusha, ukadakwa. Sekunde chache baadaye ulimrudia. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na mchubuko kwenye kidole na akaongea mpaka mama yake akamwambia ale kwanza.

Mwalimu alimtafutia nafasi katika klabu ya wasichana ya Mississauga, mji jirani. Alikuwa akienda kwa treni kila Jumamosi, mpaka siku alipofahamiana na Zeena, kipa wa timu. Mama yake Zeena, Shahbanu, Mhindi wa Kiismaili aliyezaliwa Kisumu, alikuwa amekuja kumchukua binti yake. Aliposikia jina la mgeni alijipinda mzima kwenye kiti cha dereva.

"Jepkosgei? Wewe ni Mnandi, mwanangu? Baba yangu alikuwa na duka Kapsabet!"

"Ndiyo, anti. Baba yangu anatoka huko."

"Sasa kwa nini uhangaike na treni na gari hili liko? Ingia."

"Mama, kuna watu nyuma yetu," Zeena alisema kwa Kiingereza.

"Wangoje," Shahbanu alijibu kwa Kiswahili. Kuanzia siku hiyo akawa anampeleka Jepkosgei mpaka mlangoni kwao, safari nzima akimuuliza habari za mji ambao msichana mwenyewe aliukumbuka kidogo tu.

Ikafika mwaka wa 1996, mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na vyuo viwili vya Marekani vikamtaka. Cha kwanza kilikuwa chuo kikuu kikubwa cha magharibi, kilichomtaka akimbie. Cha pili kilikuwa chuo kidogo katika jimbo la New York, ng'ambo ya Ziwa Ontario. Hiki kilimtaka acheze lakrosi.

Kocha wa mbio alikuja mwenyewe mpaka Regent Park. Alikuwa mtu mpole, mrefu kama mlingoti. Alikula ugali kwa mkono bila kuambiwa, na Festus akampenda papo hapo. Alieleza kwamba chuo kingelipia kila kitu, kuanzia masomo na malazi mpaka vitabu na viatu. Mwishoni akamgeukia Jepkosgei.

"Jambo moja tu. Hiyo fimbo itabidi uiache. Ukiteguka kifundo cha mguu kwenye mchezo mwingine, nitakuwa nimekupoteza."

"Hata wakati wa likizo?"

"Hata wakati wa likizo. Ni afadhali nikuambie sasa."

Kocha alipoondoka, Festus alitembea sebuleni na kurudi, akijisemea jina la chuo kile kama mtu anayeonja chai. Jepkosgei alienda jikoni kuosha vyombo. Nafula, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na kushinda mchana kutwa akiwasaidia watu waliovunjika nyonga, alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani.

"Mbona uko kimya?"

"Sijui niseme nini, Mama. Ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri, ndiyo. Lakini amekuja kwa sababu ya miguu yako. Hao wengine nao wanataka miguu hiyo hiyo pamoja na mikono. Mimi ningewauliza wote swali moja: ukivunjika mguu wiki ya kwanza, bado utakuwa na nafasi kwao?"

Swali hilo Jepkosgei alilala nalo.

Mwisho wa Oktoba klabu ilikuwa na mashindano ya kufunga msimu. Festus hakuwa amewahi kumwona binti yake akicheza, kwani kiwanda cha mikate kilimpa zamu za Jumamosi. Kwa kadiri alivyojua, lakrosi ni wasichana kupigana kwa fimbo. Lakini safari hiyo tanuri lilikuwa limeharibika, wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani, na badala ya kwenda kulala aliwasha gari kuukuu akaelekea Mississauga, viatu vikiwa bado na unga. Shahbanu alimwona amesimama peke yake pembeni mwa uwanja. Akamletea kahawa na kuanza kumfafanulia mchezo.

Filimbi ikalia, na wasichana wote wakasimama pale pale walipokuwa, kama waliogandishwa.

"Kuna nini? Nani ameumia?" Festus aliuliza.

"Hakuna aliyeumia. Ndiyo sheria. Filimbi ikilia hakuna kusogea. Mtazame wako."

Jepkosgei alikuwa ameganda na mguu mmoja mbele, fimbo juu, akijitahidi asicheke, maana mpinzani aliyekuwa ubavuni mwake alikuwa amekwama katika mkao mbaya zaidi. Filimbi ikalia tena, akachomoka. Festus alisahau kahawa mkononi. Kwa muda wote uliobaki hakuuliza kitu, ila mara moja tu alipiga kelele, "Toa! Toa, kuna mtu kulia!" Na mpira ulipotoka kwenda kulia, aligeuka kumtazama Shahbanu kana kwamba yeye ndiye aliyeutoa.

Wakirudi nyumbani, Jepkosgei alingoja mpaka wakaingia barabara kuu.

"Baba, umeonaje?"

"Ulikuwa unaongea."

"Mimi?"

"Muda wote. Unawaita wenzako, unawaonyesha pa kwenda, unacheka. Nimekuona ukikimbia tangu darasa la tatu na nimekushangilia mpaka sauti ikanikauka. Sijawahi kukuona ukicheka." Akaongeza haraka, "Hiyo si sababu ya kuchagua chuo. Nakuambia tu nilichokiona."

Novemba, Festus alimpeleka kukitembelea kile chuo kidogo. Walizunguka ziwa, wakavuka mpaka, wakapita mashamba ya zabibu yaliyokuwa yameshapukutika majani, na kufika jioni mvua ikinyunya. Jepkosgei alilala bwenini kwa wachezaji, Festus akalala moteli. Asubuhi Festus alimsimulia kila aliyemsalimu kwamba mkate wa pale haukuumuka vizuri.

Kocha wa lakrosi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi, asiye na maneno mengi. Aliwakaribisha chakula cha mchana, akaanza na habari mbaya.

"Mwaka wa kwanza hutacheza sana," alimwambia Jepkosgei. "Nina viungo wawili wazuri watakaokuwa mwaka wao wa mwisho. Utakaa benchi na utajifunza. Na chuo chetu hakitoi ufadhili kwa ajili ya michezo. Tunaangalia alama za mtoto na hali ya nyumbani kwao. Alama zako ni nzuri, kwa hiyo msaada utakuwa mkubwa, ila haumalizi yote. Utafanya kazi jikoni kama wengine."

Festus aliweka uma chini. Jepkosgei akaona ndio wakati wake.

"Na nikivunjika mguu wiki ya kwanza?"

Kocha alimwita msichana mwenye miwani aliyekuwa akila meza ya jirani, akamwambia Jepkosgei arudie swali. Msichana yule alicheka. Goti lake lilikuwa limepasuliwa mara mbili, akasema, na hakuwa amecheza tangu mwaka wa pili.

"Msaada wangu haukuguswa, maana haukuwa wa goti. Sasa naandika takwimu za mechi. Wananiudhi sana hawa, lakini kila safari wananiwekea kiti kwenye basi." Kisha akamuuliza Jepkosgei anataka kusoma nini, na aliposikia ni kemia, akamshika mkono akampeleka kwenye maabara, wakakaa huko mpaka Festus akaanza kuwatafuta.

Aliporudi Toronto, Jepkosgei alimpigia simu kocha wa mbio na kumuuliza swali lile lile.

"Sitakudanganya," kocha alisema. "Ufadhili wetu hupitiwa kila mwaka. Ukiumia nitakupigania, lakini siwezi kukuahidi nitashinda."

Jepkosgei alimshukuru, akakata simu, akakaa chini. Angekuwa amedanganywa, kukataa kungekuwa rahisi. Alizunguka na uamuzi wake kwa juma zima, akiogopa kuutamka mbele ya baba yake. Mwishowe aliusema Jumapili, sahani zikiwa bado mezani.

"Nataka chuo cha ng'ambo ya ziwa."

Festus aliangalia ukuta wenye medali. "Mimi ningechagua kile kingine," alisema. "Kinalipa kila kitu, na mtu yule nampenda. Lakini anayeamka alfajiri kukimbia kwenye theluji si mimi." Akavuta pumzi. "Basi. Ila kocha yule utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Alikula mezani kwetu."

Nafula alimwongezea binti yake nyama.

Simu ile ilikuwa ngumu kuliko mbio zozote alizowahi kukimbia. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikitika, kisha akamuuliza kama angependa awe anampigia mara mojamoja kumsikia anaendeleaje. Jepkosgei alijibu ndiyo, huku machozi yakimtoka, na alipoweka simu alijiona mwepesi sana hata akashuka ngazi mbili mbili kwenda nje bila koti.

Kanisani, wakati wa chakula baada ya ibada, kazi ya kueleza ilimwangukia Festus. Mzee mmoja wa Eldoret alikataa kabisa kuelewa ni vipi mtoto wa Koech angekataa kukimbia. Festus alichukua mwiko mezani, akaweka chungwa juu yake, akaanza kukimbia kati ya viti akilibembeleza, mpaka lilipomponyoka na kutumbukia kwenye sufuria ya maharagwe. Wanawake waliokuwa wakipakua walimfukuza mezani pao. "Mnaona?" alisema akijifuta mchuzi shatini. "Ni kazi ngumu. Binti yangu mpira haumdondoki."

Jepkosgei aliondoka mwezi wa nane mwaka uliofuata. Mambo yakawa kama alivyoambiwa: mwaka wa kwanza alikaa benchi, akaosha sufuria kubwa za chuo, akapata alama nzuri katika kemia na mbaya katika hesabu, ambazo alizirekebisha. Mwaka wa pili alianza kucheza katikati ya uwanja. Zeena alikuwa amebaki Toronto kusomea uhasibu na kuachana na ukipa, lakini Shahbanu aliendelea kufuatilia matokeo kwa simu kuliko mtu yeyote.

Majira ya kuchipua ya 1999, wote walikwenda kumtazama kwa gari la Shahbanu. Mvua ilinyesha mechi nzima. Jepkosgei alifunga moja, akatoa mpira wa bao la pili, na timu yake ikafungwa hata hivyo. Alikuja pembeni ametapakaa tope hadi masikioni, na Nafula akaanza kumfuta uso kwa ncha ya kanga mbele ya wenzake wote.

"Mama, acha bwana," alisema, kwa Kiswahili.

"Tulia. Una njaa? Nimeleta chapati na kuku."

Msichana mmoja aliyekuwa akipita na fimbo begani alisimama, akanusa, akauliza ni chakula gani kile. Jepkosgei akamwambia. Muda si mrefu nusu ya timu ilikuwa imejibanza chini ya mlango wa nyuma wa gari ulioinuliwa juu, wakila kwa vidole vyenye tope, huku Festus akimweleza kipa wao, kwa utaratibu na bila kuulizwa, alivyopaswa kusimama kwenye lile bao la mwisho.